Bluu Haioshi

Kama ungetaka kujua jinsi akili za watu wa Tukuyu zilivyokuwa zimeharibika miaka hiyo, usingehitaji kwenda mbali. Ungesimama tu karibu na choo cha ofisi yoyote. Mtu anatoka, bomba liko pale pale linachuruzika, sabuni ipo, naye anapita bila kulowesha hata ukucha. Ukimtazama vibaya anakuinulia chupa yake ya maji. Ubavuni mwa chupa kuna jicho, na jicho linawaka bluu. Basi, mazungumzo yamekwisha. Zamani watu walijidai kwamba vijidudu haviwawezi. Hawa walijidai kwamba havipo.

Sekela aliwadharau wote bila kubagua. Aliwadharau wanaojaza maji mapya juu ya maji ya juzi, wanaotia chai ya maziwa kwenye chupa kisha wakaiacha juani, wanaopiga chafya kiganjani na kiganja hicho hicho kikafungua kifuniko. Aliwadharau zaidi wale waliokuwa wakilisugua jicho kwa limau na majivu ili bluu yake ing'ae, ilhali ndani ya chupa hawajatia hata kitambaa tangu wainunue. Na brashi ya kuoshea chupa? Ungezunguka soko lote usiipate. Muuza duka angekuuliza kama unataka kusafishia bunduki.

Yeye alijiona wa aina nyingine. Alikuwa mpimaji mkuu katika maabara ya Maji Angavu, kampuni iliyotengeneza chupa hizo, na alinawa mikono. Hilo la kunawa alilibeba kama shahada ya pili.

Sasa Ijumaa moja alikuwa ameketi maabara, mbele yake kuna chupa ya mwalimu mmoja wa kike, na ile mikono yake iliyooshwa vizuri kabisa ilikuwa ndani ya glavu.

Chupa ilikuwa imeletwa kutoka wodi ya wazazi. Mwalimu huyo alikuwa amepoteza mimba kubwa, wala hakuwa wa kwanza mwezi huo, na daktari mmoja mwenye kichwa kigumu aliagiza kila kitu kilichokuwa kikigusa mdomo wake kipimwe. Jicho la chupa lilikuwa linawaka bluu safi. Sekela aliikata hivyo hivyo, akiwa anapiga miayo, ili tu amridhishe daktari.

Chupa hizi hazikuwa na siri kubwa. Ndani ya kifuniko mna taa ndogo ya zambarau; ukifunga inawaka, na kila kijidudu inachokiangazia kinaungua. Jicho huyapima maji yaliyo katikati ya chupa. Likiridhika linatoa bluu. Lisiporidhika linageuka jekundu na kupiga kelele mpaka mwenye chupa ajute kuzaliwa. Ili watu wasiichokonoe taa, mpira wa kifuniko, ule unaozuia maji kuvuja, ulibanwa shingoni mwa chupa kwa bangili ya chuma, na bangili ikapigwa muhuri. Ukivunja muhuri, jicho linageuka jekundu wala halirudi tena. Na mwenye jekundu haingii kazini, haingii kanisani, haingii hospitali hata akiwa amebebwa.

Hakuna aliyewahi kujiuliza chini ya mpira kunaendelea nini. Mwanga haukunji kona. Chini ya mpira ni kivuli tu, maji yapo, joto lipo, mate ya mwenye chupa yapo. Sekela aliuinua mpira ule kwa koleo akakuta utelezi mweusi, mzito, unavutika. Aliutazama kwa hadubini. Taa ilikuwa ikiufikia kwa pembeni tu, kidogo kidogo, ikiua vijidudu dhaifu na kuviacha vigumu vizaane. Miaka nenda miaka rudi, kampuni ilikuwa inawafugia watu mdudu ndani ya chupa, tena mdudu aliyechaguliwa kwa ubora. Kila mtu akiinamisha chupa anywe, maji hupita juu ya utelezi huo yakiwa yameshalipita jicho. Mtu mzima mwenye afya tumbo litamnguruma, atalaumu maharage. Mwenye mimba ni habari nyingine. Mdudu huyo alikuwa anavuka kwenda kwa mtoto.

Sekela akakata chupa nyingine, na nyingine, kutoka rafu ya zilizorudishwa na wateja. Zote bluu. Zote nyeusi chini ya mpira. Akaivua glavu moja, akaiangalia chupa yake mwenyewe pale mezani, yenye jina lake limechorwa vizuri ubavuni, aliyokuwa nayo kwa miaka mingi. Hakuigusa.

*

Mkurugenzi wao, Dakta Ambakisye, alimsikiliza mpaka mwisho huku akipangusa chupa yake kwa leso ile ile aliyotoka kupengea kamasi.

"Kwa hiyo unataka tufanye nini, Mama Lusajo?"

"Tutangaze leo. Watu wafungue mpira, waoshe kwa maji moto na brashi."

"Wakifungua, muhuri umevunjika. Wilaya nzima inakuwa nyekundu. Jumatatu nani atafungua hospitali? Nani atafundisha? Mimi na wewe?"

"Basi serikali iondoe ukaguzi wa milangoni."

"Hiyo kawaambie serikali." Akakunja leso. "Tutatengeneza kifuniko kipya, mwakani kitakuwa sokoni. Mpaka hapo usiwatie watu hofu. Tumbo la mtu ni la mtu."

Sekela alimtazama kwa chuki aliyokuwa amezoea kuwawekea watu wasionawa. Huyu alikuwa amesoma, tena nje, na vitabu vyote alivyosoma vilikuwa vimemwishia kwenye leso yenye kamasi.

"Kuna wanawake wanapoteza watoto, Dakta."

"Walipoteza hata zamani." Akafungua chupa yake, akanywa mafunda makubwa. "Kesho si unakwenda kumposea kijana wako? Nenda kafurahi na wenzako. Ukirudi tutaongea."

Na Sekela alitoka. Alifika nje ya jengo ndipo akajua kwamba mdomo wake ulikuwa umefungwa muda wote huo, na kwamba aliufunga mwenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida ya mji huo. Watu walikuwa wanakimbia kujikinga, maji ya mbinguni yanawamwagikia bure, kila mmoja amekumbatia chupa yake kifuani isilowe.

*

Jumamosi asubuhi alimkuta Lusajo sebuleni anapiga pasi shati. Kijana huyu ndiye mtoto wake wa pekee, na kazi yake ilikuwa kukagua chupa mlangoni mwa hospitali. Bluu pita, nyekundu rudi. Hakuwa mkali wala mpole. Alitazama rangi tu.

Sekela alimweleza yote. Hakuficha utelezi, hakuficha mimba zilizotoka, hakuficha maneno ya Ambakisye.

Lusajo aliisimamisha pasi. "Mama, leo ni siku ya kuonjesha."

"Ndiyo maana nakwambia."

Kuonjesha kulianza baada ya ule mwaka wa kuhara damu, watu walipoacha kupeana mikono na kula sahani moja na wakwe. Badala yake mama wa mwanamume humpa binti chupa yake mwenyewe, ile yenye jina lake, iliyozeeka mkononi mwake, naye binti hunywa ndugu wa pande zote mbili wakitazama. Akinywa, amepokelewa. Asipoonjeshwa, amekataliwa, na hakuna mshenga wa kulitengeneza hilo. Chupa mpya haikubaliki. Nani atampokea mkwe kwa chupa isiyomjua mtu? Na huyo Bupe waliyekuwa wanamwendea alikuwa na mimba ya Lusajo, kubwa ya kutosha, jambo ambalo koo zote mbili zilikuwa zinajifanya hazilioni kwa msaada wa vitenge vipana.

"Ichemshe," Lusajo akasema.

"Muhuri utayeyuka. Itageuka nyekundu."

"Basi mwambie Bupe aguse midomo tu, asimeze."

"Shangazi yake atakuwa anamtazama koo. Wewe humjui Atuganile? Yule anaweza kuhesabu punje za chumvi kwenye mchuzi wa jirani."

Lusajo akaichukua tena pasi, akapiga kola ambayo ilikuwa imenyooka tayari. "Hata hivyo, Mama, labda ni hizo ulizozikata. Yako ni bluu. Umeilea vizuri."

"Za wale nazo zilikuwa bluu."

"Sikiliza." Sauti yake ikashuka. "Juma lililopita nilimrudisha mama mmoja mwenye uchungu. Chupa yake ilikuwa nyekundu. Alizalia nje, ukutani pale, mvua inanyesha."

"Mtoto je?"

 Lusajo alichomoa pasi ukutani, akavaa shati likiwa bado la moto. "Kwa hiyo usiniambie rangi haina maana," akasema. "Niambie kitu kingine chochote, Mama. Hicho usiniambie."

*

Nyumba ya Shangazi Atuganile ilikuwa imepakwa rangi kwa ajili ya siku hiyo, tena upande wa barabarani tu. Ndiye aliyemlea Bupe, na alikuwa amejipanga kwenye kiti cha mbele kana kwamba anangoja kupigwa picha. Mezani, juu ya kitambaa cheupe, chupa za upande wa binti zilikuwa zimesimama safu, zote zinawaka bluu. Sekela alizipitia kwa jicho la kazi. Tatu kati ya hizo zilikuwa zimekwanguliwa majina. Zimeazimwa, akajisemea, na pua ikamkunjamana yenyewe.

"Karibuni sana, wakwe," Atuganile akasema. "Sisi huku ni watu wa usafi, kama mnavyoona."

"Tunaona," Sekela akajibu.

Njugu zikaletwa. Moja ikamponyoka Atuganile, ikabingirika chini mpaka karibu na kiatu cha mshenga. Akaiokota, akaipuliza, akaitafuna, huku akieleza jinsi alivyomfukuza mfanyakazi wake wa ndani kwa sababu jicho la chupa yake liligeuka jekundu siku moja. Sekela alitikisa kichwa kwa adabu. Moyoni alikuwa amemdharau mama huyo kuanzia kilemba hadi kandambili, na dharau hiyo ilimpa nafuu, maana muda wote alipokuwa anamdharau Atuganile hakulazimika kufikiri kuhusu kilichokuwa ndani ya mkoba wake.

Kisha mshenga akasimama, akakohoa. "Haya. Mama atuonjeshee binti yetu."

Bupe akaletwa. Msichana wa watu alikuwa na uso wa upole, miguu imemvimba kidogo, na alipofika mbele ya Sekela alipiga magoti kwa shida, akishika kiti. Akanyoosha mikono yote miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Sekela akaitoa chupa. Bluu yake ilikuwa nzuri kuliko zote mezani, hata Atuganile aliguna kwa wivu. Hapo ndipo Sekela alipojipigia hesabu za kijinga ambazo kila mwoga huzijua. Si kila anayekunywa hudhurika. Funda moja litafanya nini? Amekunywa mangapi huyu mtoto, kwa chupa yake mwenyewe, na bado yuko salama? Akisema ukweli, atasema nini hasa: kwamba yeye, Sekela, mpimaji mkuu, mwenye kumnyanyapaa kila mtu mjini, amekuwa akibeba uchafu mweusi na kuupeleka mdomoni kwake kila siku? Na aseme hilo mbele ya huyu mla njugu za chini?

Akaitoa chupa mkononi. Akampa. Ndiyo, alimpa, tusimpambe. Bupe akafungua kifuniko, akaiinua chupa, maji yakaanza kuteremka kuelekea midomoni.

Sekela akaipokonya. Maji yakamwagikia kifua cha binti, na chumba kizima kikavuta pumzi.

"Mama!" Lusajo akasema.

Hakumsikia. Aliokota kisu cha kumenyea machungwa kilichokuwa mezani, akakichomeka chini ya bangili, akasukuma. Muhuri ukakatika. Papo hapo jicho likageuka jekundu na chupa ikaanza kulia, sauti ile kali inayofanya watu wahame upande wa barabara. Sekela akauchokoa mpira kwa ncha ya kisu, akaupangusa kwenye kitambaa cheupe cha Atuganile, mstari mrefu. Utelezi mweusi ukabaki pale, unang'aa, na harufu yake ikawafikia walioketi nyuma.

"Hiki ndicho alichokuwa anakwenda kunywa," akasema kwa sauti ya juu ili ashinde kelele za chupa. "Jicho halikioni. Taa haikifikii. Kinaua watoto tumboni, nimekiona kwa macho yangu kazini. Na zenu zote ziko hivyo. Fungueni mtazame."

Hakuna aliyefungua. Kwanza hakuna aliyesogea. Halafu mikono ikaanza kwenda mezani, mmoja mmoja, kila mtu akaichukua chupa yake, akaigeuza kuhakikisha rangi, akaipakata. Hata wale wa kuazima walipakata za kuazima.

"Shangazi," Sekela akamgeukia Atuganile, akamnyooshea kisu kwa upande wa mpini. "Fungua yako. Nikikosea, nitapiga magoti hapa hapa."

Atuganile alikitazama kisu, akautazama ule mstari mweusi kwenye kitambaa chake, halafu akamtazama Sekela kuanzia kichwani hadi miguuni, polepole, mtazamo ambao Sekela aliutambua mara moja kwa sababu ulikuwa wake.

"Nivunje muhuri wangu, nikashinde nje ya kanisa pamoja nawe?" akasema. "Mama Lusajo, uchafu ni wako. Usitupake."

"Nimekwambia ni zote."

"Umeniambia. Nami naona ya nani inapiga kelele." Mtu nyuma akacheka, wengine wakafuata, kicheko cha watu waliopona ajali. "Mpimaji mkuu, kumbe. Unatupita barabarani umeinua pua, tunadhani unanusa maua. Kumbe unakimbia harufu yako."

Mshenga alikuwa ameshasimama anaomba radhi, mikono kifuani, akisema mama ana uchovu wa kazi, mama hakulala. Sekela aliwatazama wote. Alitamani kuwadharau, angalau hilo limsaidie, lakini dharau haikuja. Miaka yote alikuwa akiwacheka kwa kuiamini rangi, na rangi hiyo yeye ndiye aliyeisaini, chupa kwa chupa, akachukua mshahara, akanawa mikono. Akahisi aibu kali, ya kumfanya atamani sakafu imfiche.

Bupe alikuwa bado amepiga magoti. Kifua kimelowa, machozi yanamtoka, na kilio kikampa kikohozi, kikohozi kisichokatika. Akashika tumbo kwa mkono mmoja. "Maji," akasema. "Naombeni maji."

Atuganile akainua chupa yake, ile aliyokataa kuifungua, akaipitisha juu ya meza.

"Usinywe, mwanangu," Sekela akasema. "Nakuomba. Hapo nje mvua inanyesha, nitakukingia kwa kikombe. Lusajo, mwambie. Nilikueleza asubuhi, kila kitu nilikueleza. Mwambie."

Watu wote wakamgeukia Lusajo. Alikuwa amesimama katikati, shati lake limenyooka, upande huu mama yake mwenye chupa inayolia, upande ule mchumba wake anayekohoa. Midomo yake ilifunguka. Sekela aliliona neno limefika pale, kabisa, limesimama mlangoni, akajua kwamba likitoka, yule mama aliyezalia ukutani atatoka nalo.

Lusajo akaifunga midomo. Akaipokea chupa ya Atuganile, akaielekeza dirishani, akalitazama jicho lake kwa makini, kama afanyavyo kazini.

"Bluu," akasema.

Akachuchumaa, akamshika Bupe kisogo kwa mkono wa kushoto, akamwekea chupa mdomoni na kuiinamisha taratibu asipaliwe. Bupe akanywa. Alikuwa na kiu kweli. Alipomaliza alishusha pumzi, akasema ahsante, na Lusajo akamfuta tone lililobaki kidevuni kwa kidole gumba.